Kuvuta tela si kazi, kazi kulisimamisha!

Wiki hii sina umbea wa mjini, wala siwaongelei wale jamaa wanaoazima suti ya harusi halafu wanajifanya wameisahau kuirudisha. Wiki hii nina stori yangu mwenyewe, na si ya kuchekesha sana ingawa najua mtacheka.

Juzi nimekaa kijiweni napiga kahawa yangu na kashata, akanijia kijana mmoja wa mtaani, mtoto wa mjini kabisa, kanyoa bomba, simu mkononi. Akanisalimia vizuri, "Shikamoo kaka." Nikaitikia. Akanionyesha picha: lori la kijani, magurudumu kumi, pua ndefu, turubai nyuma. Lori la jeshi la Marekani lililostaafu. Akaniambia yeye na washikaji zake watatu wanataka kuchanga mshiko, waliagize, walifunge tela nyuma, waanze kubeba mzigo. Swali lake lilikuwa moja tu: "Eti kaka, hili dude linaweza kuvuta tani ngapi?"

Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka. Maana swali hilohilo, neno kwa neno, ndilo lililotaka kunizika ugenini mwaka 2017.

Basi bwana, mwaka huo nilikuwa Nashville, jimbo la Tennessee, kwa Braza. Braza ni mtoto wa Mama Mkubwa wangu wa Tanga, amezamia majuu miaka mingi, kabeba maboksi, kaosha vyombo, kaendesha forklifti, mpaka akajitoa kimasomaso akaamua kujiajiri. Mimi nilikwenda kutembea, nikala kwake, nikalala kwake, sikulipa hata senti tano. Likumbukeni hilo la kula na kulala bure, litarudi baadaye.

Sasa Braza alikuwa na akiba. Sehemu ya akiba ile haikuwa yake peke yake: ilikuwa ni hela ya bati za nyumba ya Mama Mkubwa. Kuta zilishasimama, mbao zilishapigwa, kilichobaki ni bati. Lakini Braza akaona dili. Jeshi la Marekani likichoka na gari haliliweki makumbusho, linaliuza mnadani. Unashinda mnada, unapewa fomu yao ya SF 97, unakwenda nayo kutafuta kadi ya gari, basi umeshakuwa mwenye lori. Braza akalipata moja kwa dola 4,800. Akaniambia, "Dogo, hii ndiyo inayotutoa. Miezi mitatu tu, bati za mama zinarudi, na faida juu."

Lenyewe ni lile linaloitwa M35A2. Wamarekani wanalitania "Deuce and a Half", yaani mbili na nusu, kwa sababu linahesabiwa kubeba tani mbili na nusu porini. Ubunifu wake ni wa mwanzoni mwa miaka ya 1950, limepigana Vietnam, na jeshi lilianza kuliondoa kwa malori mapya miaka ya 1990. Magurudumu yote yanasukuma, mbele na nyuma. Injini yake ina kichaa cha namna yake: inakunywa dizeli, inakunywa mafuta ya taa, inakunywa mafuta ya ndege, na shida ikizidi hata petroli inaionja. Turbo lake linapiga mluzi mpaka mbwa wa mtaa mzima wanaitikia. Tukipita barabarani watoto wanapunga mikono, wazee waliopitia jeshini wanapiga saluti. Ujiko mtupu! Mimi nilikaa pale kiti cha utingo nikajiona jenerali.

Lakini msomaji wangu, ujiko haujazi mfuko. Lori lile lenyewe tupu lina karibu tani sita. Injini pamoja na mbwembwe zote hizo ina nguvu za farasi kama 140 tu. Siku hizi kuna magari madogo ya kupeleka watoto shule yana nguvu kuliko hiyo. Likienda mbio sana linafika kilomita 90 kwa saa, na hapo linatetemeka kama lina malaria. Kwenye barabara kuu ya Tennessee wenzio wanaenda 110, wanakupita wanakupigia honi, na hizo si honi za saluti.

Ndani ya kibini pamebandikwa kibati cha jeshi chenye maandishi. Kinasema wazi: tela, mwisho ratili 10,000 barabarani, kama kilo 4,500, na ratili 6,000 porini, kama kilo 2,700. Braza akakisoma akacheka. "Hawa jamaa wanaandika kwa woga," akasema. "Chuma hiki kinavuta nyumba." Na kweli, lilikuwa linavuta. Mti ulioanguka linaung'oa. Gari lililozama kwenye tope linalitoa. Hapo ndipo kosa lilipoanzia, maana akili yetu yote ilikuwa kwenye kuvuta.

Dili la kwanza la maana likaja. Mtu mmoja anataka kijiko chake kidogo cha kuchimbia kipelekwe Chattanooga, kama kilomita 215 kutoka Nashville. Kijiko chenyewe kilo 3,600. Tela la kuazima, kilo 1,100. Wewe ni mwanahesabu, jumlisha mwenyewe: kilo 4,700. Tumeshapita kibati cha jeshi. Na juu ya lori lenyewe tukatupia vifaa na mapipa, kama tani moja hivi.

Sasa sikiliza vizuri hapa, kwa sababu ndipo penye siri. Lori la jeshi lina ndoano kubwa ya chuma nyuma yenye mdomo unaofungwa, na matela ya jeshi yana pete nene inayoingia humo. Tela la kiraia lina kichwa cha namna nyingine. Braza akakitoa, akafunga pete. Sawa. Ila ndoano ya jeshi iko juu, tela la kiraia liko chini, kwa hiyo likafungwa pua juu kama mbwa anayenusa nyama. Ukifanya hivyo uzito wote unalalia nyuma ya tela, na njia nzima pete inagonga ndoano, kong'! kong'! kong'!

La pili ni umeme. Lori la jeshi ni volti 24. Taa za tela la kiraia ni volti 12. Ukiunganisha moja kwa moja, balbu zinawaka sekunde moja, halafu zinakwenda kwa Mola wao. Braza akazifungia betri ndogo pembeni, taa zikawaka. Akajipongeza.

La tatu, ndilo lenyewe. Matela ya kiraia ya ukubwa ule kule Marekani yana breki za umeme. Kuna kifaa kinakaa ndani ya gari, ukikanyaga breki kinapeleka umeme kwenye sumaku zilizo ndani ya magurudumu ya tela, na tela linajifunga lenyewe. Lori la jeshi halina kifaa hicho. Lina mipira ya upepo, kwa ajili ya matela ya jeshi yanayotumia upepo. Kwa hiyo upepo wa lori haukuwa na pa kwenda, na waya wa breki za tela haukuwa na pa kutokea.

Asubuhi ile, saa kumi na mbili, nikizunguka kukagua minyororo kama utingo mwenye adabu, niliuona ule waya. Ulikuwa umekunjwa vizuri, umefungwa na kamba ya kiatu kwenye shingo ya tela. Nilijua ni waya wa nini. Mzee wangu alikuwa dereva wa malori ya matela, njia ya Dar hadi Tunduma, nimekua nikisikia habari za breki kuliko hadithi za sungura. Nikafungua mdomo. Halafu nikaufunga.

Kwa nini? Kwa sababu nilikuwa mgeni. Nala bure, nalala bure, na Braza amekaa nchi ile miaka, mimi nina wiki sita. Nikajiambia, huyu si mjinga, atakuwa ameshapanga. Sikutaka kuitwa mnoko. Basi nikapanda kiti cha utingo, nikafunga mkanda, tukaondoka.

Kuanzia Nashville mpaka Murfreesboro, mpaka Manchester, raha mstarehe. Tukaanza kupanda mlima wa Monteagle. Hapo lori likaanza kuomba msamaha. Gia ya tano, ya nne, ya tatu. Tunapanda kama kobe mwenye mizigo, nyuma yetu msururu wa magari, Braza anapiga usukani, "Panda mama, panda!" Tukafika juu. Braza akafurahi, akanipa mkono. "Umeona? Nilikwambia linavuta!"

Msomaji wangu, wewe unayesafiri kwenda Iringa unaijua Kitonga. Unajua malori yanavyoshuka pale, taratibu, injini inalia, dereva hana haraka na mtu. Mzee wangu alikuwa na msemo mmoja tu wa Kitonga: gia ya kupandia ndiyo ya kushukia. Ukipanda na ya tatu, shuka na ya tatu. Injini ndiyo inayolishika gari, breki ni msaidizi tu.

Monteagle ni Kitonga ya Tennessee. Malori mengi yamefeli breki pale, Johnny Cash aliwahi hata kuuimba mlima huo, na serikali ya jimbo imejenga njia maalumu za kokoto pembeni mwa mteremko kwa ajili ya malori yaliyoshindikana. Mabango yameandikwa makubwa: malori tumieni gia ndogo. Na Braza, kwa furaha ya kupanda, akaweka gia ya tano.

Mwanzoni palikuwa shwari. Anakanyaga, linapungua. Anaachia, linaongeza. Anakanyaga tena. Dakika ya pili nikaanza kusikia harufu, ile ya breki zinazoungua, ambayo ukishainusa mara moja huisahau. Nikasema, "Braza, gia." Akasema, "Tulia dogo." Nyuma kijiko na tela, kilo 4,700 zisizo na breki hata ya dawa, zinatusukuma mgongoni kama umati wa watu mlangoni mwa daladala.

Na lazima ujue breki za lori lile zilivyo. Ni za mafuta zinazosaidiwa na upepo. Upepo unasukuma, mafuta yanabana. Na mengi ya malori yale, mafuta yenyewe yako kwenye mfumo mmoja tu kwa magurudumu yote. Bomba moja likipasuka popote, huna breki kokote. Letu halikupasuka, ila zilipata moto mpaka zikawa kama hazipo. Kanyagio likaanza kuwa laini. Nikaona goti la Braza linanyooka, linanyooka, mpaka limenyooka lote.

Akajaribu kurudi gia ya nne. Ikagoma. Sasa tuko nyutro! Hakuna injini, hakuna breki, kuna mlima tu. Mshale wa mwendo ukapita 80, ukapita 90. Braza akavuta handibreki, ambayo kwenye lori lile inabana propela, ikatoa moshi na kelele, haikusaidia kitu. Akaanza kusema, "Mama, mama, mama," pole pole, kama anamwita mtu aliye chumba cha pili.

Nikaona bango la njia ya kokoto. Nikapiga kelele ambayo sijawahi kuipiga tena: "Braza, kokoto! Kata!" Akakata.

Ile njia ni kama shimo refu la kokoto linalopanda juu. Lori likaingia, likazama, likapiga kelele kama bati linalochanwa. Tela likageuka pembeni, likatwanga kona ya lori, mnyororo mmoja wa kijiko ukakatika, mwingine ukashika. Halafu kimya. Ukimya ule siwezi kuuandika. Nilikuwa nimeshika dashibodi, na vidole vilikataa kuachia.

Hatukuumia. Braza mdomo tu ulipasuka. Polisi akaja, mtu mzima, mpole kabisa, akazunguka lori mara moja. Akauona ule waya na kamba yake ya kiatu. Akaukamata na vidole viwili, akauliza, "Na huu?" Braza akaniangalia mimi, mimi nikaangalia viatu vyangu.

Halafu yakaja ya leseni. Kule lori na tela kwa pamoja, kwa uzito ulioruhusiwa wa kiwandani, zikifika ratili 26,001, yaani kilo 11,794, na tela peke yake likiwa la zaidi ya ratili 10,000, lazima leseni ya biashara daraja A. Wapo wanaosamehewa kwa shughuli binafsi, inategemea jimbo, lakini sisi tulikuwa tumelipwa. Braza alikuwa na leseni ya kwenda nayo sokoni. Faini. Gari la kuja kututoa kwenye kokoto, hela. Tela la watu, hela. Hela ya bati ikaisha palepale mlimani, pamoja na mbao za dari.

Usiku tukampigia Mama Mkubwa. Braza hakuweza kuongea, akanipa simu mimi. Nikamweleza. Nikadhani atauliza bati. Akauliza, "Mmeumia?" Nikamwambia hapana. Akanyamaza. Halafu akauliza swali ambalo hata yule polisi hakuniuliza: "Na wewe baba, mtoto wa dereva, ulikuwa wapi hukuuona huo waya?"

Ningeweza kudanganya. Tanga mbali. Nikamwambia, "Niliuona, Mama. Niliona aibu kusema."

Akavuta pumzi. "Basi mwanangu," akasema, "siku nyingine tuaibishe, lakini sema."

Mpaka leo naisikia sauti ile. Na Braza alikuwa amekaa pembeni, simu iko wazi, akasikia. Hakunigombeza. Kesho yake asubuhi alinipikia chai ya tangawizi, akaniwekea mbele, akasema, "Dogo, ningekasirika, lakini ningesimama." Tukanywa chai.

Lori hakuliuza. Alilitengeneza breki zote, akatafuta tela la jeshi, lile M105 la magurudumu mawili, ambalo lina mipira ya upepo inayoingia kwenye lori bila ubishi, pete iko urefu wa ndoano, na taa ni volti 24. Analibebea kuni mashambani, taratibu, hazidishi kibati. Bati za Mama Mkubwa zilipatikana mwaka 2019, kwa hela ya forklifti.

Basi nikamwambia yule kijana wa kijiweni hivi. Mdogo wangu, usiulize linavuta tani ngapi. Lori la jeshi litavuta karibu kila utakachokifunga nyuma, na huo ndio uongo wake. Uliza linasimamisha tani ngapi. Uliza breki za tela zinatumia nini, na lori linatoa nini: upepo, umeme au mdomo mtupu. Uliza volti. Soma kibati, na ukikisoma usikicheke. Uliza leseni ya atakayeshika usukani. Na spea za gari la mwaka 1970 utazipata wapi, ukizingatia hata mpira mmoja wa breki unaweza kukuweka barabarani wiki nzima.

Akasema, "Kaka, mbona unanikatisha tamaa?" Nikamwambia, sikukatishi. Nanyi mko wanne. Wakati mnachanga hela, kuna mmoja wenu kati ya wanne ameshaona waya umefungwa na kamba ya kiatu, na anaona noma kusema kwa sababu yeye ndiye aliyechanga kidogo. Mtafuteni huyo kwanza. Mnunulieni soda. Mwambieni aseme.

Akanyamaza. Halafu akaweka simu mfukoni, akasema kwa sauti ndogo, "Kaka, huyo aliyechanga kidogo ni mimi."

Nikamwagizia kahawa, tukaanza upya kuhesabu.

Haya wapenzi, kwa leo nakomea hapo. Wewe mwenye waya wako uliouona ukakaa kimya, wiki ni ndefu, mtafute mwenzio umwambie kabla hamjafika mlimani. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.